Barua Iliyofuta Viti Tisa

Winnie Cawley alipochaguliwa kuwa diwani wa mji wetu wa Clonmorrin, mwaka 2009, watu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza. Hakuna Msafiri aliyewahi kukaa kwenye meza ile. Wasafiri ni Waairishi kama sisi, kanisa letu moja na makaburi yetu mamoja, ila mababu zao waliishi barabarani kwa mikokoteni na farasi, na wengi wao mpaka leo wanaishi kwenye karavani, nyumba za magurudumu, pembezoni mwa miji isiyowataka. Winnie aliishi Gortnalee, kilomita moja kutoka mjini, familia kumi na moja kando ya barabara ya malori ya kokoto. Alipata kura 131. Kwa halmashauri ya mji mdogo wenye viti tisa, hizo na chache zilizohamia kwake kutoka kwa wagombea walioshindwa zilimtosha.

Mimi ni Fintan Garrihy. Nilikuwa na duka la viatu Bridge Street, nililorithi kwa baba yangu, na huo ulikuwa muhula wangu wa pili wa udiwani. Winnie alikaa karibu nami kwa sababu wenzetu wote waliwahi viti vya upande wa pili. Alivuta kiti, akaniambia kwa mnong'ono ambao chumba kizima kiliusikia:

"Bwana Viatu, nikisinzia nipige kiwiko."

"Utasinzia kweli," nikamjibu. "Leo ajenda yetu ni mapipa ya taka."

"Basi nipige mapema."

Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mmoja, na makaratasi ya halmashauri yalimpa tabu. Kwa hiyo kila Alhamisi mchana alikuja nyuma ya duka, pale kwenye maboksi ya viatu, tukanywa chai na kula mkate wa nyama ya nguruwe huku nikimsomea. Kusoma alikuwa mzito, kuelewa alikuwa mwepesi kuliko mimi.

"Hapa mhandisi ameandika 'itazingatiwa,'" alisema siku moja. "Maana yake hapana?"

"Maana yake hapana yenye adabu."

"Aa. Sisi Gortnalee tumezoea ile isiyo na adabu."

Alitaka jambo moja tu: njia ya waendao kwa miguu kutoka Gortnalee hadi mjini, na taa zake. Watoto walikwenda shule wakibanwa kati ya ua wa miiba na magurudumu ya malori. Miaka mitatu alilisema hilo, kikao baada ya kikao. Mpinzani wake mkuu alikuwa Gearóid Hession, dalali wa nyumba na mashamba, mtu mwenye sauti ya mnadani hata akiomba chumvi. Hession alisema waziwazi kwamba ukijenga njia kule, kambi itakuwa ya kudumu, na thamani ya ardhi itashuka. Hakumung'unya maneno, wala hakujificha.

Septemba 2012 tulipiga kura. Watano kwa wanne. Nilinyoosha mkono wangu na njia ikapita. Winnie alitoka nje ya ukumbi kumpigia simu mumewe, na dirishani tulimsikia akipiga kelele: "Jimmy! Imepita! Imepita, we mzee! Hapana, sijalewa!"

Hata miezi miwili haikupita, serikali ikatangaza kwamba inarekebisha utawala wa mitaa nchi nzima. Halmashauri zote za miji, themanini kwa jumla, zitafutwa. Madiwani wachache zaidi watakaa katika wilaya kubwa zaidi, chini ya kaunti. Sitasema ilikuwa hoja ya kipuuzi. Kulikuwa na miji mikubwa isiyo na halmashauri na miji midogo iliyokuwa nayo, na halmashauri nyingine kazi yake ilikuwa kuvaa mkufu wa uenyekiti na kupigwa picha. Mtu mwaminifu angeweza kuamini mageuzi yale. Mimi sikuyaamini wala sikuyakataa. Nilikuwa nayatazama tu nione yatanipa nini.

Januari akaja dukani Donal Prunty, mratibu katika kaunti wa chama chetu, ambacho wakati huo kilikuwa serikalini. Alikaa kwenye benchi, akavua kiatu, akaanza kujaribu jozi ambazo sote wawili tulijua hatazinunua.

"Wilaya mpya itakuwa na viti saba," alisema. "Chama kitasimamisha mtu mmoja kutoka Clonmorrin. Mmoja tu, Fintan."

"Nimesikia."

"Wakubwa Dublin wanachoshwa na madiwani wa miji wanaolialia. Wanachotaka ni diwani wa mji aseme mwenyewe kwamba hizi halmashauri hazina kazi. Mtu wa ndani. Si lazima jina litoke."

"Na huyo mtu wa ndani atapata nini?"

Prunty akatikisa vidole vyake vya mguu ndani ya kiatu changu cha ngozi. "Hiki kinanibana," akasema. "Wewe nadhani kitakutosha."

Niliiandika barua Jumapili baada ya misa, mezani jikoni, mke wangu Attracta akimenya viazi kando yangu. Kurasa mbili. Ilikuwa safi, na ilihitaji mfano mmoja wa kuichangamsha. Ningeweza kutaja mapipa ya taka. Ningeweza kutaja mkufu. Lakini nilijua ni mfano gani utakaowafurahisha, na kalamu ikaenda huko yenyewe. Niliandika kwamba halmashauri moja ya mji ilipoteza miaka mitatu ikibishana juu ya njia ya miguu ya watu wachache wasiolipa chochote, kwa sababu tu mwenzao mmoja hakuwa na jambo lingine la kusema. Attracta akaniuliza naandika nini kwa bidii hivyo. Nikamwambia ni mambo ya chama.

Mwezi wa tatu chama kikatoa kijitabu cha kutetea mageuzi, na ndani yake, kwenye kisanduku cha buluu, maneno yangu: "Diwani wa mji mdogo wa magharibi anaandika..." Redio ya kwetu ikayasoma asubuhi watu wakinywa chai. Clonmorrin nzima ikajitambua.

Kikao kilichofuata Winnie alikuja na kijitabu. Alikuwa ameombwa asubiri mengineyo, hakusubiri. Alikiweka mezani na kumtazama Hession.

"Wasiolipa chochote," alisema. "Hilo nililisikia kwa mdomo wako, Gearóid, mwaka jana, hapa hapa."

"Nilisema," Hession akajibu. "Na leo nalisema tena ukitaka. Lakini hii si yangu."

"Ya nani sasa?"

"Nitajuaje? Mimi ningeandika ningetia sahihi, tena kwa herufi kubwa!"

Ilikuwa kweli tupu. Kila mtu mezani alijua Hession ni mtu wa namna gani, na kila mtu aliamua kusahau, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Winnie akanigeukia. Alikuwa na macho mekundu, ya mtu ambaye hakulala.

"Fintan, mwambie. Wewe ulikuwepo. Mwambie hivi ndivyo anavyosema kila siku."

Nilikuwa na sekunde tano hivi. Tangu hapo nimezihesabu mara nyingi, na kila mara zinatosha.

"Mwenyekiti," nikasema, "tuendelee na ajenda."

Jumba bovu likamwangukia Hession. Mji mdogo hauhitaji hakimu. Watu waliokuwa wakimwonea haya kumpinga sasa walipata sababu ya kumgeuzia mgongo. Mtu alilikwaruza gari lake kwa msumari kutoka taa hadi taa. Mke wake, Dympna, alinyamaziwa katika kwaya mpaka akaacha kwenda. Kwetu, mtu akifa, sote tunapanga foleni kuwapa wafiwa mkono. Mama mzazi wa Hession alipofariki majira yale ya kiangazi, Winnie, ambaye hakosi mazishi ya adui wala rafiki, alikaa nje ya kanisa ndani ya gari. Mimi nilipanga foleni. Nilimpa Hession mkono na kumwambia pole, na alinishukuru kwa kuja, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Uchaguzi ukaja Mei 2014. Kwetu mpiga kura huandika namba: moja kwa anayemtaka, mbili kwa anayefuata, na kuendelea. Mgombea akishindwa, kila karatasi yake huhamia kwa yule aliyeandikiwa namba inayofuata. Wilaya mpya ilichukua mji wetu, miji mingine miwili, na mashamba yote ya katikati mpaka milimani. Winnie alisimama. Katika halmashauri ya zamani kura zake zingempa kiti. Humu alipata 164, na kiti kilihitaji zaidi ya elfu moja na mia tatu.

Tulisimama nyuma ya vizuizi katika ukumbi wa michezo, penseli mkononi, tukichungulia makarani wakihesabu. Duru ya nne Winnie aliondolewa. Wakachukua karatasi zake na kuanza kuzigawa, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusoma. Moja, Cawley. Mbili, Garrihy. Moja, Cawley. Mbili, Garrihy. Mwandiko mwingine ulikuwa wa watu waliojifunza kuandika ukubwani, namba zimekandamizwa mpaka karatasi inakaribia kutoboka. Karatasi 97 zilinijia. Mwisho wa siku nilipata kiti cha saba kwa tofauti ya kura 41.

Winnie akavuka ukumbi, akanishika mikono yote miwili mbele ya wapiga picha.

"Niliwaambia Gortnalee nzima," alisema. "Nikawaambia, mimi wakinitupa, namba mbili ni Bwana Viatu. Sasa sauti yetu unayo wewe. Itunze."

"Nitaitunza," nikasema. Prunty alikuwa nyuma yangu akipiga makofi.

Katika wilaya mpya, njia ya Gortnalee iliwekwa kwenye orodha moja na kazi za eneo zima. Ilikuwa ya kumi na tisa. Madiwani sita kati yetu saba hawakuwahi kukanyaga pale. Nililisema mara moja, mwezi wa kumi. Baada ya kikao Prunty alinisubiri kwenye maegesho.

"Usiisukume sana ile njia," alisema kwa upole. "Ni wewe uliyeiita upuuzi. Nakala ninayo."

Nikaacha kuisukuma. Winnie alipokuja dukani kuuliza, nilimwambia mambo yanakwenda polepole, kaunti ni kubwa. Alikubali. Alinunua viatu vya shule vya wajukuu na akanisifu kwa kuhangaika.

Novemba 2015, saa kumi na nusu jioni, mvua ikinyesha na giza linaingia, Winnie alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu kutoka posta. Kioo cha pembeni cha lori kilimpiga mgongoni na kumtupa mtaroni. Dereva hakujua. Winnie alilala pale kwenye maji dakika ishirini kabla jirani hajauona mfuko wake wa nailoni barabarani. Nyonga ilivunjika, na mguu wa kushoto ulivunjika mahali pawili.

Nilikwenda hospitali siku ya tatu. Nilibeba zabibu, kama mpumbavu. Jimmy, mumewe, alikuwa kwenye kiti, kofia magotini; alisimama kunipisha, akaniita mheshimiwa. Nilishindwa kukaa.

"Winnie," nikasema, "ile barua niliandika mimi."

"Barua gani?"

"Ya kijitabu. Wasiolipa chochote. Si Hession. Ni mimi. Nilitaka kiti."

Jimmy alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliiweka kofia yake kitandani taratibu, akaenda kusimama dirishani, akatupa kisogo. Nilitamani anitukane, matusi ya Wasafiri ni maarufu, na nilikuwa nimejiandaa kwa hayo.

"Ulikuwa unanisomea makaratasi," Winnie akasema. "Wiki ile ile uliyoyaandika hayo, ulinisomea makaratasi?"

"Ndiyo."

"Na chai ukanimiminia."

"Ndiyo. Winnie, naomba unisa—"

"Ishia hapo. Usithubutu kuniomba msamaha nikiwa nimefungwa mguu juu hivi. Siwezi hata kukuondokea." Akavuta pumzi, maumivu yalimpita usoni. "Hession anajua?"

"Hapana."

"Mama yake alizikwa na sikumpa mkono. Mimi! Kwa ajili yako wewe." Akageuza uso kuelekea ukutani. "Nenda ukaseme mahali panapoandikwa. Na hizo zabibu ondoka nazo."

Katika kikao cha Desemba niliomba nafasi. Sikutoa hotuba. Niliisoma barua yenyewe, kurasa mbili, kuanzia tarehe hadi sahihi, kisha nikasema ni nani aliyelaumiwa badala yangu na ni nani aliyelala mtaroni. Sauti yangu ilikauka katikati na hakuna aliyenisogezea maji. Karani, binti mpole kutoka milimani, aliinua kalamu.

"Diwani, ungependa hilo liingie kwenye kumbukumbu?"

"Ndiyo. Lote."

Chama kilinifukuza wiki hiyo hiyo. Kuhusu hilo sina la kulalamika. Kilichoniuma ni asubuhi iliyofuata kikao kile, nilipokwenda ofisini kwa Hession. Alikuwa ameshaambiwa na nusu ya mji. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia akizungumza kwa sauti ndogo.

"Dympna aliimba katika kwaya ile miaka kumi na tisa," alisema. "Nyumbani alikuwa akiimba akifua, akipika. Sasa haimbi. Hata redio hataki."

"Gearóid, sijui niseme nini."

"Basi usiseme. Mazishini ulinipa mkono." Akautazama mkono wake juu ya meza. "Toka, Fintan. Sina hasira. Nina mteja saa nne."

Winnie alipotoka hospitali, kabla hajafika nyumbani, alimwambia Jimmy asimamishe gari mbele ya nyumba ya Hession. Alichechemea na fremu ya kutembelea mpaka mlangoni. Sijui walisemezana nini. Najua alikaa ndani saa nzima, na kwamba bado hawakubaliani juu ya Gortnalee.

Kusema kwangu hakukufanya muujiza. Gazeti la mkoa liliandika habari ya ajali, wahandisi wakaja na fulana zao za njano, na mwaka 2017 njia ilijengwa hadi kwenye daraja. Kutoka daraja hadi Gortnalee, mita mia nne, hakuna kitu hadi leo. Daraja ni jembamba, wanasema. Ingekuwa halmashauri ya mji, Winnie angewakalia kooni kila mwezi. Sasa wilaya hukutana mji mwingine, na basi la kwenda huko halipo.

Uchaguzi wa 2019 sikusimama. Mwezi wa tatu, siku ya mvua, Winnie aliingia dukani na fimbo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hospitali. Alikuwa na binti yake Philomena, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwalimu msaidizi shuleni.

"Huyu anasimama," Winnie akasema. "Mimi mguu hauniruhusu. Wewe unajua milango ya mji huu yote. Utazunguka naye."

"Winnie, mimi ndiye mtu wa mwisho—"

"Hilo najua. Na kila mlango utasema wewe ni nani na ulifanya nini. Kabla yeye hajafungua mdomo."

Philomena hakuniangalia. "Mimi sikumtaka," alisema. "Ni wazo la mama."

Tulizunguka wiki saba. Wengine walifunga mlango kwa sababu yake, wengine kwa sababu yangu, na wachache, nakiri, walifungua zaidi. Katika mtaa wa Mill Lane kikongwe mmoja, aliyekuwa mteja wa baba yangu, alitoka na taulo la vyombo mkononi.

"Wewe si ndiye uliyetuuzia halmashauri yetu?"

"Ni mimi, mama."

"Na leo umekuja kuuza nini?"

"Siuzi. Huyu ni Philomena Cawley. Barua yangu ilimkosesha mama yake kiti, nami nikakaa juu ya kura zake."

Kikongwe akamtazama Philomena kutoka kichwani hadi miguuni. "Na wewe unatembea naye?"

"Nimelazimishwa," Philomena akasema, na kikongwe akacheka mpaka akajifuta machozi kwa taulo.

Philomena alifika duru ya tisa. Alikosa kiti cha mwisho kwa kura 58. Ulikuwa mwendo mrefu kuliko ule wa mama yake, katika wilaya ambayo tulikuwa tumeapa haiwezi kumchagua Msafiri, lakini kukosa ni kukosa. Aliinama kwenye viti vya nyuma vya ukumbi, mikono usoni, na ndugu zake wakamzunguka.

Nilimkuta Winnie ameketi kwenye ngazi za nje, amejiegemeza ukutani. Nilikaa kipandio kimoja chini yake.

"Hamsini na nane," nikasema. "Mji peke yake ungempa kiti, na ziada juu."

"Ungempa."

"Winnie, unadhani siku moja utaweza kunisamehe?"

Alipiga fimbo yake kwenye jiwe, mara moja.

"Wiki saba hizi umeniuliza hivyo mara ngapi? Mimi si padri, Fintan. Ukitaka ya padri, anaungamisha Jumamosi saa kumi na mbili. Mimi nina binti analia mle ndani, na nina mguu unaoniuma, na Jimmy ameondoka na gari kupeleka wazee nyumbani." Akaninyooshea mkono. Nikadhani anataka kushikana mikono, nikaunyoosha wangu. Lakini alitaka tu kuinuliwa. Nilimwinua. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na aliniegemea bila kuniangalia, mpaka Philomena alipotoka na kuchukua mkono wa pili, tukateremka ngazi watatu.